Mama hachanji mpaka nichanje mimi, na mimi sina ugonjwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Mbagala na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri niwahi daladala kabla foleni ya Barabara ya Kilwa haijafunga, maana tangu waanze kuchimba kwa ajili ya mwendokasi hakuna anayejua atafika saa ngapi. Nakueleza haya ujue kwamba nabanana na watu kuanzia alfajiri hadi usiku, na bado sijaugua. Mwaka jana tu nilipata mafua makali, pua ikaacha kunusa hata dagaa, nikapiga nyungu siku tatu, yakaisha. Sikupima.

Mama ana miaka 58, ana sukari mwaka wa tisa huu, na presha juu yake. Mwezi wa nane kliniki walimwambia akachanje chanjo ya UVIKO. Akarudi nyumbani kimya. Nilimsihi, nikamletea na jirani aliyekwishachanja, wapi. Siku moja nampakulia ugali akaniuliza, "Wewe umechanja?" Nikamjibu mimi sina ugonjwa. Akasema, "Basi na mimi nasubiri wasio na ugonjwa watangulie. Dawa aionje kwanza aliyeileta." Tangu siku hiyo nikifungua mdomo ananionyesha bega langu.

Wiki iliyopita wachanjaji walifika karibu na dukani kwetu wakapiga hema. Wanasema ni kwa wote kuanzia miaka 18, bure. Wenzangu wawili walikwenda. Mmoja alilala na homa siku nzima. Wa pili alifika kwenye fomu ya ridhaa akaisoma, akarudi mbio, anasema ukisaini hapo ukipata madhara ni juu yako. Mimi nikabaki nimesimama nje ya hema kama niliyekuja kuangalia ngoma.

Kuna na jingine. Naolewa Desemba, Mungu akipenda. Mama mkwe wangu mtarajiwa anasema waliochanja hawazai, na mchumba wangu ananitumia sauti za WhatsApp za watu wanaosema hivyo hivyo, moja mtu anabandika sarafu begani eti inanasa. Hizo za sarafu sikuzijali. Lakini nimesoma kwamba huko Ulaya wamekataza wasichana wasipewe chanjo za namna hii kwa sababu damu inaganda. Kama wao wameona haifai kwa wasichana wao, mbona sisi tunaletewa hiyohiyo?

Swali langu ni hili Shangazi: kijana mwenye afya, ambaye korona hata ikimpata inapita kama mafua, ana haja gani ya kujitia kwenye chanjo ambayo haina hata miaka miwili duniani? Nisaidie bila kunificha.

Mchumba wa Mbagala
Oktoba 2021

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu kwa ajili ya mama yako. Amekushika pabaya. Wewe unamwambia kitu ni kizuri kwake, huku mguu wako mmoja uko nje ya hema. Mimi ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Lakini swali lako si la kijinga, wala sitakujibu kwa kukufokea kama wanavyofokewa watu siku hizi. Mwaka jana mwanzoni mwa Mei takwimu za wagonjwa zilisimama kwenye 509, tukaambiwa maombi yamejibiwa, tukapiga nyungu. Mwaka huu Julai 28 Rais Samia akakaa mbele ya kamera Ikulu, hapa hapa Dar es Salaam, akachanjwa, siku nne baada ya kupokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Mtu aliyezungushwa kiasi hicho kwa miezi kumi na tano akisita mlangoni, simlaumu.

Sasa tuanze na hiyo ya Ulaya, kwa sababu ndiyo peke yake kati ya ulizozitaja yenye ukweli ndani yake.

Ni kweli. Chanjo ya AstraZeneca na hii ya Johnson, ambazo zimetengenezwa kwa njia inayofanana, zimeonekana kwa nadra sana kusababisha damu kuganda, na mara nyingi mahali pabaya, kwenye mishipa ya kichwani, huku chembe sahani za damu, zile zinazoziba jeraha, zikishuka. Uingereza Aprili mwaka huu ilisema walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine badala ya AstraZeneca ikiwa ipo, na Mei ikapandisha hadi chini ya 40. Denmark iliiondoa Johnson kwenye mpango wake wa taifa Mei 3. Marekani wenyewe, wenye kampuni yake, waliisimamisha siku kumi, kuanzia Aprili 13, wakaichunguza, kisha wakairudisha. Mpaka hapo walikuwa wamechanja watu karibu milioni 8, na waliothibitika kupatwa na tatizo hilo walikuwa 15. Wote wanawake, wengi wao vijana. Watatu walifariki.

Kwa hiyo aliyekwambia ni uzushi mtupu naye amekudanganya. Wewe ni mwanamke wa miaka 24, uko katikati ya kundi lenyewe. Hesabu ya Wamarekani kwa wanawake wa miaka 18 hadi 49 ilikuwa kama 7 kwa kila milioni moja waliochanjwa. Najua milioni haionekani kwa macho, basi fikiria Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, watu 60,000. Uujaze wasichana pekee, wote wachanjwe, watoke, ujaze tena wengine. Katika hao wote huenda usimpate hata mmoja.

Weka hiyo pembeni, tuangalie upande wa pili. Wewe ukiambukizwa korona, hatari yako ni ipi? Wataalamu waliokusanya takwimu za nchi zinazohesabu vizuri walitoa makadirio mwaka jana: mtu wa miaka 25 akiambukizwa, anayekufa ni kama mmoja katika 10,000. Ni ndogo. Hapo una haki kusema kwako inapita kama mafua, ingawa wapo vijana wanaobaki wanahema miezi baada ya kupona, na makadirio hayo yalifanywa kabla ya aina ya kirusi cha korona iitwayo Delta. Lakini hata hiyo ndogo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya damu kuganda, na waliogandwa damu si wote waliokufa. Na wewe unayepanda daladala ya Mbagala mara mbili kwa siku usiniambie habari ya kutoambukizwa. Yale mafua ya kutonusa dagaa, mwanangu, ningekuwa mtu wa kuweka dau ningeweka kwamba ilikuwa yenyewe. Imekuachia kinga kidogo, lakini kinga hiyo haikai milele, na watu wameugua mara mbili.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa ajili yako peke yako, msichana anayekaa chumba chake bila mzee wala mgonjwa karibu, ningekwambia faida ipo, inazidi hatari, lakini si ya kukimbilia usiku wa manane. Tungezungumza taratibu, labda nikakuacha uamue baada ya harusi.

Ila hukai peke yako. Soma tena makadirio hayohayo kwa umri wa miaka 55: wanaokufa ni wanne katika 1,000. Yaani mara arobaini ya wewe. Mama yako ana 58, na sukari na presha ni magonjwa mawili yanayoongeza ubaya wa korona kuliko mengi. Daktari wake wa kliniki hakumwambia akachanje kwa kutimiza wajibu. Kwenye jaribio kubwa la Johnson, lililoshirikisha watu karibu 44,000, Afrika Kusini ikiwemo, chanjo ilipunguza ugonjwa mkali kwa asilimia 85 kuanzia siku ya 28 baada ya sindano. Kwa mtu kama mama yako hiyo ni tofauti ya kulala nyumbani na kutafutiwa mtungi wa oksijeni usiku.

Sasa hapa wengi wangekwambia "chanja umkinge mama". Mimi sikwambii hivyo, kwa sababu si sahihi sana. Ukichanja unapunguza uwezekano wa kumletea, lakini Delta hupita hata kwa waliochanja. Sindano ya bega lako haiwezi kufanya kazi ya sindano ya bega lake. Wewe uchanje kwa sababu yeye ameshasema wazi kitakachomfanya achanje. Wazee wengi wana sababu ishirini, na ukiitatua moja wanatoa nyingine. Wa kwako ametoa moja. Mshike hapohapo.

Na hiyo "mpya". Njia yenyewe si ya jana. Wamechukua kirusi kinacholeta mafua ya kawaida, wakakivunja makali kisiweze kuzaliana, wakakibebesha maelezo ya ule mwiba ulio juu ya kirusi cha korona ili mwili uujue mapema. Kampuni hiyohiyo ilitengeneza chanjo ya Ebola kwa njia hiyohiyo, na watu wa Goma huko Kongo walianza kuchanjwa Novemba 2019, kabla korona haijajulikana. Kilichobadilika ni mwiba. Nakubali kwamba hakuna aliyeichanja hii ya korona akakaa miaka kumi tukamwangalia, na anayekwambia ana uhakika wa miaka kumi anatia chumvi. Madhara ya chanjo kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki chache, ndiyo maana hii ya damu imegundulika haraka hivyo. Halafu ujiangalie begani: kile kikovu ni chanjo ya kifua kikuu uliyopewa ukiwa kichanga. Na ukishika mimba, kliniki watakuchoma pepopunda ukiwa kijana na mwenye afya, wala hutauliza haja.

Tumefika kwenye mimba. Mwambie mama mkwe wako, kwa adabu zote, kwamba katika majaribio ya chanjo hizi za korona wanawake waliombwa wasishike mimba, na wapo walioshika hivyohivyo, waliochanjwa kwa waliochomwa sindano ya maji matupu ya kulinganishia. Chanjo haigusi mayai wala mfuko wa uzazi. Kilichoonekana ni baadhi ya wanawake kusimulia kwamba hedhi ya mwezi ule ilikuja mapema au nzito kidogo, kisha ikarudi ilivyokuwa. Ikikutokea usiseme hukuambiwa. Kinachojulikana vizuri ni kwamba mjamzito akipata korona huumia zaidi kuliko asiye mjamzito wa umri wake. Unaolewa Desemba. Hesabu mwenyewe hali utakayokuwa nayo mwakani, na uamue ungependa kukutana na ugonjwa huo ukiwa na kinga au bila.

Usiende wewe kumweleza mama mkwe. Bi harusi anayemfundisha mama wa mume kabla hajaingia ndani anajitafutia miaka ya maneno. Mtume somo wako, au shangazi wa kwenu mwenye ulimi mzuri, akaongee naye mambo ya wakubwa. Mchumba ni wako. Kaa naye ana kwa ana, si kwa sauti za WhatsApp. Muulize yeye anaogopa nini hasa, maana wanaume wengi wanaotuma zile sauti hawajazisikiliza mpaka mwisho. Akiweza mchukue mwende wote, yeye naye ana miaka 18 na zaidi, natumaini. Akikataa, bega ni lako. Ila usichanje kwa siri ukaficha kadi chini ya godoro. Ndoa isianze na kadi iliyofichwa.

Fomu ya ridhaa imewatisha wengi, na mimi naona waliiandika vibaya, kama watu wanaokwepa kesi badala ya kumweleza mtu. Lakini jambo lenyewe la kusaini si geni. Ukipasuliwa unasaini. Kinachotakiwa ni kwamba kabla ya kalamu uulize, na mhudumu akujibu. Ikiwa hakujibu, usisaini, nenda kituo kingine.

Na kuna njia ambayo hukuitaja. Mwezi huu imeingia pia Sinopharm ya China. Hiyo imetengenezwa kwa kirusi chenyewe kilichouawa, njia ya zamani kabisa, na haijahusishwa na hili la damu kuganda. Shida yake ni sindano mbili, kwa hiyo utarudi. Ikiwa usingizi wako unaharibiwa na ile ya wasichana wa Marekani, uliza kituoni kama ipo na uchukue hiyo. Walichofanya Waingereza na Wadenmark ndicho hicho: walikuwa na kabati lenye chupa za aina nyingine, wakachagua. Sisi hadi juzi kabati lilikuwa na chupa moja. Hawakuwa wanatutupia walichokikataa. Mwaka huu wa 2021 Wamarekani waliendelea kuichanja Johnson kwa wasichana wao, wakiwaambia hatari hiyo wazi. Kukuambia wazi ndiko kulikokosekana huku kwetu.

Kwa mama yako, wasiwasi wa damu kuganda usimzuie hata dakika. Ameishavuka umri ule ulioonekana zaidi, na kwake dozi moja isiyohitaji kurudi ni nafuu. Hata hivyo aseme kituoni dawa anazotumia.

Sasa siku yenyewe. Nendeni katikati ya wiki, asubuhi, mama akiwa amekula na kumeza dawa zake. Bebeni kitambulisho na kadi yake ya kliniki. Mkichomwa msiondoke mbio, mkae dakika 15 pale waone kama kuna mzio. Usiku huo tegemea bega kuuma, homa, mwili kuchoka. Vijana hupata zaidi kuliko wazee, kwa hiyo mwombe tajiri wako siku ya pili ya mapumziko, na usipange iwe siku ya kupima gauni. Panadol inatosha. Hayo ni ya siku moja au mbili.

Lakini kuanzia siku ya nne hivi mpaka wiki ya tatu, ukipata kichwa kinachouma vibaya na hakisikii dawa, macho kuona ukungu, tumbo kuuma mfululizo, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata, usinyamaze na usiende duka la dawa. Nenda hospitali, onyesha kadi, sema tarehe uliyochanjwa na jina la chanjo. Daktari akijua mapema anajua na dawa ipi ya kuyeyusha damu asikupe, kwa sababu ile ya kawaida inaweza kuzidisha tatizo hili. Andika jina la chanjo kwenye simu yako leo usije ukalisahau.

Barakoa kwenye daladala endelea nayo, na ukipata kiti cha dirishani fungua dirisha hata kama konda atanung'unika vumbi la ujenzi.

Siku 28 ukihesabu kutoka mwishoni mwa mwezi huu zinaangukia kabla ya Desemba. Kinga itakuwa imekaa sawa kabla shangazi zako hawajajaa sebuleni kwenu kutoka mikoani, kila mmoja na kikohozi chake.

Mkifika hemani, kaa wewe kwanza kwenye kiti, kama alivyotaka. Ila usikunje uso sindano ikiingia. Atakuwa anakuangalia.

Shangazi